Kozi nne mbele, kozi nane nyuma

Masika ya 2024 ukuta wetu uliangukia jiko la jirani. Sio jiko la ndani, ni lile banda lake la uani analopikia kwa kuni, na kwa kudra za Mungu ilikuwa saa kumi alfajiri hakukuwa na mtu, maana ikifika saa kumi na mbili asubuhi pale huwa anakaa na wajukuu zake wawili wanakunywa chai kabla hawajaenda shule. Nilishtuka kwa kishindo nikadhani radi. Tulipotoka na tochi tukakuta kama mita saba za ukuta zimelala upande wa pili, mabati ya jiko yamekunjika chini yake, na maji yanapita pale juu ya tofali kwa kasi kama mtu kafungua bomba.

Kulipokucha nikaenda kwa yule mama, naona hata miguu mizito. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, nyie mmeamka salama? Yaani jiko lake limefunikwa na ukuta wangu na yeye ndo ananiuliza kama tumeamka salama. Nikaomba msamaha, nikamwambia tutajenga upya kila kitu. Akasema hewala, halafu akanionyesha kwa mkono, "Maji toka zamani yalikuwa yanapita hapa mwanangu, mlipojenga nilijua tu yatatafuta njia." Nikamuuliza sasa mama mbona hukutuambia? Akanijibu, "Ukuta si ulikuwa wenu."

Hilo jibu sijaacha kulifikiria mpaka leo na ndo sababu ya kuandika hii post, kwa sababu mtaani kwetu sasa hivi tunajadiliana tupeleke mapendekezo gani kuhusu sheria ndogo za uzio, za nyumba za kuishi na za sehemu za biashara, na nimeona watu wengi wanachukulia kama ni jambo la kila mtu na kiwanja chake. Mimi nilikuwa nachukulia hivyohivyo. Ukuta nimejenga kwa hela yangu, ndani ya bikoni zangu, yale mawe ya mpaka, nani ataniambia kitu?

Ngoja nieleze kwanza ule ukuta ulikuwaje. Kiwanja chetu kiko huku upande wa Barabara ya Bagamoyo, 20 kwa 30, kimekaa juu kidogo kuliko cha yule mama. 2019 kabla hata ya msingi wa nyumba tukaanza na uzio, na wanaoishi Dar wanajua kwanini. Kiwanja kikikaa wazi miezi sita unakuta mtu kashusha tripu ya mchanga anasema ni chake, au kuna mtu ana karatasi kama ya kwako, au watu wameanza kupita katikati mpaka imekuwa njia na ukija kuiziba unaonekana mbaya. Kwahiyo kwetu ukuta unafanya kazi ya hati kabla hati haijatoka, na yeyote atakayeandika sheria ya uzio bila kuelewa hilo ataandika kitu ambacho hakuna mtu atakifuata. Basi tukajenga. Tofali za nchi sita, za kusimamisha, kozi 10, yaani mistari kumi ya tofali kwenda juu, kuzunguka kote, mbele nyuma na pembeni, na chini hatukuacha tundu hata moja la kupitisha maji kwa sababu tuliambiwa ukiacha tundu nyoka wataingia.

Fundi aliyekuja kuangalia baada ya kuanguka, kijana mmoja mpole sana, alichutama pale akashika udongo akaukamua mkononi maji yakatoka. Akaniambia, "Mama, ukuta huu mvua haijauangusha. Umeangushwa na maji yaliyokosa pa kwenda." Akanionyesha tofali ya chini ilivyobadilika rangi mpaka kozi ya tatu, yaani maji yalikuwa yanasimama nyuma ya ukuta kila masika miaka yote ile, udongo unalowa unakuwa mzito unasukuma, sisi ndani hatujui chochote kwa sababu upande ule tulipanda maua.

Sasa turudi kwenye sheria. Watu wengi hawajui kwamba halmashauri ya mji inaweza kutunga sheria ndogo, uwezo huo upo toka Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji, Na. 8 ya 1982, wananchi wanatangaziwa watoe maoni na mwisho waziri anaidhinisha. Mipango ya mji yenyewe, nani ajenge nini wapi, na kubadilisha matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara, iko kwenye Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwahiyo njia ipo. Ila sheria za uzio mtaani watu wanazijua kwa alama tu. Unaamka unakuta X ya kubomolewa kwenye ukuta wako. Mwaka huohuo wa 2007 Sheria ya Barabara iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na wengi waliokuwa wamejenga kihalali kwenye zile mita 7.5 za katikati walijua siku waliyoona rangi, kijani kama unalipwa na nyekundu kama hulipwi. Mimi nasema sheria ambayo mwananchi anaisoma kwa mara ya kwanza ukutani kwake imeshachelewa, hata kama ni sheria nzuri.

Na hizo mita ni za barabara kubwa. Kwenye barabara zetu za mtaani, hizi za vumbi za mita 8 au 10 kwenye ramani, ndo balaa lilipo. Mmoja anajenga anasogea nusu mita, wa pili anaangalia wa kwanza alipofikia anasogea na yeye, wa tatu anaweka ngazi za geti nje, miaka mitano baadae gari la zimamoto haliingii na gari la taka linaishia mwanzoni mwa mtaa.

Sasa hoja yangu yenyewe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Magomeni, zile nyumba zetu za Kiswahili mnazijua, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, mbele baraza, nyuma uani. Nataka muangalie neno lenyewe, ua. Ua ulikuwa nyuma. Kulikuwa na jiko, choo, bafu, kamba za nguo, wanawake wanasukana, na ule uzio wa makuti baadae mabati ulikuwa mrefu kabisa mtu hakuoni. Ile ndo sitara. Lakini mbele? Mbele hakukuwa na kitu, baraza linaangalia njia, babu kakaa pale na kahawa yake, anayepita anatoa salamu, mtoto wa jirani akikimbilia barabarani kuna mtu mzima anamuona, mgeni asiyejulikana akizunguka mara mbili anaulizwa unamtafuta nani. Wazee wetu walikuwa na sheria ya uzio bila kuiandika, mbele wazi nyuma pamefungwa. Sisi tumechukua ule ua wa nyuma tukauzungusha nyumba nzima, tukaufanya wa zege, tukaweka chupa na senyenge juu, na baraza tukalifuta.

Mtu atasema hayo mambo ya Magomeni ya zamani, mji ulikuwa mdogo. Sawa. Lakini hata huu mji toka mwanzo ulipangwa kwa kugawa watu, Mjerumani na Mwingereza baada yake walikata kanda, Uzunguni kule ufukweni kwenye viwanja vikubwa, Uhindini katikati ya mji kwenye maduka, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati kama mpaka. Sisi tumeondoa zile kanda halafu kila mmoja kajiwekea ya kwake, kiwanja kwa kiwanja. Ndo ninavyoona nikipita mtaani kwetu saa mbili usiku, kuta pande mbili, giza, hakuna dirisha linaloona njia, na mimi ni mwanamke natembea peke yangu kutoka kituoni. Sijawahi kujisikia salama kwa sababu ya ukuta wa mtu mwingine. Najisikia salama nikiona taa ya kibaraza na mtu amekaa.

Suala la wezi silipuuzi hata kidogo, tumeibiwa mara mbili. Lakini mara zote mbili walikuwa wamesharuka wako ndani, na wakishakuwa ndani ya kozi 10 hakuna jirani anayewaona, wanafanya kazi yao wametulia kama wako kwao. Majirani walisikia mbwa wakadhani wanabwekea paka tu. Ukuta mrefu mbele unamficha mwizi kama unavyonificha mimi.

Kwahiyo kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikasema tupendekeze hivi: kozi nne mbele, kozi nane nyuma. Nilisema kwa kozi makusudi. Mkiandika mita kwenye karatasi ya halmashauri, yule anayejenga hana karatasi, ana kamba, pima maji na mwiko. Tofali ya nchi sita ya kusimamisha ina urefu wa nchi tisa kwenda juu, ukiweka na udongo wa katikati nchi moja unapata nchi kumi, karibu sentimita 25. Kozi nne ni mita 1, kozi nane ni mita 2. Fundi yeyote Dar nzima ukimwambia kozi nne haulizi swali la pili. Juu ya zile nne mbele weka grili, weka wavu, panda michongoma ukitaka, ilimradi mtu wa njiani aone ndani kidogo na wa ndani aone njia. Pembeni kuanzia usawa wa mbele ya nyumba na nyuma yote panda mpaka nane, hapo ndo sitara yako na mimi naitetea kwa nguvu zote, sitaki sheria itakayomfanya mama afue nguo mbele ya mtaa.

Mdogo wangu anaishi Reading, Uingereza, nilipomsimulia akacheka akasema dada hiyo mbona ndo ya huku. England uzio unaopakana na barabara ya magari mwisho ni mita 1, kwingine mita 2, ukitaka kuzidisha hapo unaomba kibali. Hata sikujua, mimi nilikuwa nahesabu tofali na kukumbuka nyumba ya bibi.

Na hesabu ya hela ifanyeni wenyewe. Kiwanja cha 20 kwa 30 mzunguko ni mita 100. Kozi moja inakula kama tofali 210, kwahiyo kozi 10 kote ni tofali 2,100 bila kutoa nafasi ya geti. Ukiweka nne kwenye mita 20 za mbele na nane kwenye zilizobaki 80, unaangukia kama 1,500. Karibu tofali 600 zimebaki, na saruji yake, na mchanga wake, na siku za fundi na saidia fundi. Grili nayo ni hela najua, lakini hata kama zote zitaenda kwenye grili bado umepata ukuta mwepesi usiobeba maji.

Maji sasa. Hili nililisema mpaka sauti ikatetemeka na sioni aibu. Sheria iseme kila mita tatu za ukuta kwenye kozi ya kwanza kuwe na tundu, hata bomba la nchi nne liwekewe wavu hao nyoka wasipite, na kama kuna njia ya maji ya asili inayopita kwenye kiwanja mtu asipewe kibali cha ukuta mpaka aonyeshe maji yatapita wapi. Kwenye mito na fukwe sheria ya mazingira ya 2004 imeshaweka mita 60 za kutofanya shughuli, lakini hivi vijito vyetu vya masika ambavyo kiangazi ni mchanga tu na watoto wanacheza mpira, hivyo hakuna anayevihesabu, na ndo vinavyobomoa nyumba za watu wa chini. Mwenye ukuta yuko juu, anayeumia yuko chini, mara zote.

Upande wa biashara palikuwa na mabishano makali zaidi na nadhani hapo ndo sheria za zamani zimepitwa kabisa, kwa sababu zinaona makazi ni makazi na biashara ni biashara, wakati mtaani ukuta wenyewe ndo unageuka duka. Mtu anaanza na uzio wa kawaida, mwaka wa pili anatoboa anaweka fremu moja ya wakala wa pesa, mwaka wa tatu fremu tano, saluni, duka la vifaa vya umeme, mwenye kuchomelea mageti, na mbele kabisa mama lishe kaweka benchi. Mimi sio wa kuwafukuza, nanunua kwao kila siku. Shida ni kwamba ule ukuta ulikuwa umejengwa mpaka mwisho wa kiwanja, kwahiyo mteja anasimama wapi? Barabarani. Bodaboda zinapaki wapi? Barabarani. Mtoto wa darasa la pili anapita wapi?

Nilichopendekeza ni kwamba anayetaka fremu, ukuta wake wa mbele uondoke kabisa. Usogee ndani mita tatu, ile nafasi iwe ya mteja na kivuli, bila uzio, bila mnyororo. Lakini pale biashara inapopakana na nyumba ya mtu, baa, gereji, mashine ya kusaga, wachomeleaji, hapo biashara ndo ijenge ukuta mzito kozi nane au hata kumi, kwa hela yake, kwa sababu kelele na cheche zinatoka kwake. Yaani kinyume cha nyumba. Mzee mmoja mwenye fremu nne akasimama akasema, "Binti yangu, hizo mita tatu unazozitaja ni chumba kizima, na mimi pensheni yangu ndo hizo fremu." Nilikosa jibu la haraka na bado nadhani alikuwa na haki ya kuuliza. Mwenyekiti akashauri zilizopo zipewe muda mrefu, mpya zianze na utaratibu mpya, na kodi ya pango isipandishwe kwa aliyesogea. Sijui kama halmashauri itakubali hilo la mwisho ila liliandikwa kwenye muhtasari, nililiona mwenyewe.

Kukataza mageti yanayofunguka kwa nje kulipita bila mjadala, watu wote mikono juu, yafunguke ndani au yateleze.

Kona ndo imebaki. Kuna kona moja kwetu, wapimaji walikata pembe ya kile kiwanja kwenye ramani ili dereva aone, bikoni mbili zipo mpaka leo, lakini aliyejenga akanyoosha ukuta mpaka ncha, kozi 11 na senyenge juu. Ukitoka na gari unatanguliza pua nusu mita kabla hujaona chochote. Mwezi wa tisa bodaboda ilimgonga msichana anayeuza maandazi, ndoo ikaruka, maandazi yakatapakaa kwenye vumbi, yeye mguu ulivunjika mahali pawili. Bodaboda hakuwa anakimbia, nilikuwepo. Hakumuona, na yeye hakuiona. Alikaa nyumbani miezi mitatu hauzi na ndo analipia wadogo zake shule. Tulipomfuata mwenye ukuta alikuwa mstaarabu tu, alisema mbona kibali cha ujenzi nilipewa na hakuna aliyeniambia habari ya kona. Na ni kweli. Kwenye karatasi yake nimeiona, michoro ya nyumba kurasa kibao, uzio umechorwa mstari mmoja tu, haujaandikwa urefu wala umbali.

Sisi wa kwetu tumeshaujenga upya. Kozi nane kwa yule mama na matundu kila mita tatu, jiko lake tumelirudisha na bati mpya, mbele tumebomoa zile kozi sita za juu tukaweka grili, na tofali zilizotoka nzima tulimpa yeye akajengea karo la kufulia. Masika iliyofuata nilisimama na mwamvuli kuangalia maji yanavyotoka kwenye yale matundu, yanapita pembeni ya jiko yanaingia kwenye mfereji aliochimba mjukuu wake mkubwa.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwenye ile kona, mwenyekiti, mwenye ukuta, yule fundi na mimi, tutavuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni tuhesabu ni tofali ngapi zinatakiwa zishuke. Nimeshaongea na majirani sita tuchangie za kuhamisha, kila nyumba mfuko mmoja wa saruji. Wa saba bado simu yake haipokelewi, nitampitia kesho jioni nikitoka kazini.